Namba ya Nne: Historia ya Uangavu katika Kurasa za Wavuti

Katika miaka ya 1970, kwenye kisiwa cha Long Island karibu na jiji la New York, tajiri mmoja aitwaye Alexander Schure alikuwa na ndoto ya kutengeneza filamu za katuni kwa kompyuta. Schure ndiye aliyeanzisha chuo cha New York Institute of Technology, na kwa ajili ya ndoto hiyo alinunua mashine ambazo maabara chache sana duniani zilikuwa nazo. Kisha akawakusanya vijana wenye vipaji, miongoni mwao Ed Catmull na Alvy Ray Smith. Mali yao kubwa ilikuwa kumbukumbu za kompyuta zenye uwezo wa kushika picha nzima ya skrini, pikseli kwa pikseli, nao walikuwa na kumbukumbu hizo kadhaa wakati wengine walitamani hata moja.

Catmull alikuwa akihangaika na tatizo la kuchora maumbo yenye kingo laini, zisizo na ngazi-ngazi. Kila alipotaka kuliona umbo lake juu ya mandharinyuma nyingine, kompyuta ilibidi ianze kuchora upya kuanzia mwanzo, na kazi hiyo ilikula saa nyingi. Mwaka 1977 wakapata jawabu. Kila pikseli tayari ilikuwa na namba tatu, yaani kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha bluu. Wao wakaongeza namba ya nne, ya kueleza pikseli ile inaziba kwa kiasi gani kilicho nyuma yake. Ikiwa ni 1, inaziba kabisa. Ikiwa ni 0, haizibi chochote. Ikiwa katikati, vyote viwili vinaonekana kwa mgawo. Umbo likishachorwa mara moja pamoja na namba hiyo, linaweza kuwekwa juu ya mandharinyuma yoyote bila kuchorwa tena. Smith aliipa namba hiyo jina la alfa, kwa herufi ya Kigiriki ambayo wanahisabati walikuwa wakiitumia katika kanuni ya kuchanganya vitu viwili kwa uwiano.

Kanuni yenyewe mwanafunzi wa sekondari anaimudu. Chukua rangi ya mbele uizidishe kwa alfa, chukua rangi ya nyuma uizidishe kwa 1 kutoa alfa, kisha ujumlishe. Kama nyekundu ya mbele ni 200, ya nyuma ni 100, na alfa ni 0.25, mbele inachangia 50, nyuma inachangia 75, na jicho linaona 125. Basi. Kila dirisha la kioo unaloliona leo kwenye simu, kila kivuli chini ya kitufe, kila utepe mweusi uliofifia chini ya manukuu ya video, umetokana na hesabu hiyo kurudiwa mamilioni ya mara.

Watu wa sinema walikuwa wameijua kazi ya kuunganisha picha tangu zamani. King Kong ya mwaka 1933 ilipandisha sokwe na waigizaji katika fremu moja kwa kutumia filamu za pembeni zilizoziba sehemu fulani ili mwanga upite kwingine. Lakini kizibo kile kilikuwa kitu cha pekee, kilichotunzwa mbali na picha. Catmull na Smith walikiingiza ndani ya picha yenyewe, kikawa na hadhi sawa na rangi. Hawakufanya hivyo kwa bei rahisi. Picha ya pikseli 512 kwa 512, yenye namba nne za baiti moja moja, inahitaji zaidi ya baiti milioni moja, na mwaka 1977 kumbukumbu ya ukubwa huo kwa picha moja tu ilikuwa anasa. Ndiyo maana nauheshimu uamuzi wao: robo ya kumbukumbu hiyo ya thamani waliitoa kwa kitu ambacho chenyewe hakionekani.

Kundi hilo lilihamia California, kwenye kampuni ya Lucasfilm. Mwaka 1982 likatengeneza tukio la sayari inayozaliwa upya katika filamu ya Star Trek II: The Wrath of Khan, na miaka miwili baadaye wenzao wawili, Thomas Porter na Tom Duff, wakachapisha makala iliyoweka misingi ya uunganishaji wa picha za kidijitali. Waliorodhesha njia kumi na mbili ambazo picha mbili zenye alfa zinaweza kukutana: moja juu ya nyingine, moja ndani ya nyingine, moja nje ya nyingine, na kadhalika. Waliifikiria pikseli jinsi mtu anavyoweza kukifikiria chandarua. Nyuzi zinaziba kabisa, matundu hayazibi hata kidogo, na ukiwa mbali unaona ukungu mmoja. Chandarua kinachoziba nusu ya mwanga kikiwekwa juu ya kingine cha namna hiyo hiyo, mwanga haukatiki wote. Cha kwanza kinapitisha nusu, cha pili kinapitisha nusu ya nusu hiyo, na jumla iliyozibwa ni asilimia 75. Atakayepandisha matabaka mawili ya asilimia 50 kwenye ukurasa wake leo atapata jibu hilo hilo.

Porter na Duff walishauri pia jambo lililoonekana dogo, nalo litarudi mbele ya safari hii: rangi zihifadhiwe zikiwa zimekwisha kuzidishwa kwa alfa yake, si zikiwa ghafi. Waliona kwamba hesabu zinakuwa fupi na sahihi zaidi hivyo. Mwaka 1996, Catmull, Smith, Porter na Duff walitunukiwa tuzo ya kiufundi ya Oscar kwa kazi ya uunganishaji wa picha za kidijitali.

Kwa hiyo mwaka 1984 elimu ilikuwa kamili. Ilimchukua mtengenezaji wa kawaida wa tovuti zaidi ya miaka 25 kuipata mikononi mwake, na katika miaka hiyo yote hesabu haikubadilika. Kilichokuwa kikihama ni mahali pa kuiweka ile namba ya nne.

Mahali pa kwanza palikuwa pabaya. Mwaka 1987 kampuni ya CompuServe ya Ohio, iliyowaunganisha wateja kwa modemu za simu, ilitoa fomati ya picha iitwayo GIF, kazi ya kikundi kilichoongozwa na Steve Wilhite. Picha ya GIF ina jedwali la rangi zisizozidi 256. Toleo la 1989 liliruhusu nafasi moja ya jedwali hilo itangazwe kuwa angavu. Pikseli iliyopewa rangi ile haichorwi, na kilicho nyuma kinaonekana. Hapakuwa na nusu wala robo. Alfa ilikuwa swichi ya ndiyo au hapana, tena imefungwa kwenye rangi moja ya jedwali.

Matokeo yake kila aliyetumia wavuti miaka ile aliyaona. Msanii anachora nembo ya duara juu ya karatasi nyeupe, na ili kingo ziwe laini programu inachanganya rangi ya nembo na nyeupe pembezoni. Kisha nyeupe inageuzwa kuwa angavu na nembo inapandishwa juu ya ukurasa wa bluu. Zile pikseli za pembezoni, zilizokuwa nusu nyeupe, si nyeupe kamili, kwa hiyo hazipotei. Nembo inazungukwa na utando mchafu mweupe. Tiba ilikuwa kuandaa nembo upya kwa kila rangi ya ukurasa, yaani kurudi kwenye shida ile ile ambayo Catmull aliikimbia mwaka 1977.

Hata hivyo GIF ilitawala, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Kivinjari cha Mosaic kilipoanza kuonyesha picha ndani ya maandishi mwaka 1993, kurasa zilikuwa za kijivu, na picha yenye mraba mweupe juu ya kijivu ilikuwa kero. Baadaye uangavu wa GIF ukapata kazi ambayo waanzilishi wake hawakuitarajia. David Siegel, katika kitabu chake cha 1996 cha kufundisha usanifu wa tovuti, aliwaelekeza watu watumie GIF ya pikseli moja tu, angavu kabisa, inayonyooshwa kwa upana na urefu wowote ili kusukuma maandishi na kuacha nafasi. Kwa miaka kadhaa, sehemu kubwa ya mpangilio wa wavuti ilishikiliwa na picha ambayo hakuna msomaji aliyeiona.

Mwisho wa Desemba 1994 likatokea jambo lililobadilisha mkondo. Kampuni ya Unisys ilikuwa na hataza ya mbinu ya kubana data iliyomo ndani ya GIF, na sasa kampuni hiyo na CompuServe zikatangaza kwamba waandishi wa programu zinazotumia fomati hiyo watalipia. Hasira ilikuwa kubwa. Siku chache baadaye, tarehe 4 Januari 1995, Thomas Boutell aliweka hadharani rasimu ya kwanza ya fomati mbadala isiyo na hataza, na wajitolea kutoka pande mbalimbali wakaijadili na kuikarabati kwa barua pepe na mabaraza ya Usenet. Walipokuwa wakijenga upya, waliamua wasiishie kuiga. Wakaingiza alfa kamili: kila pikseli na namba yake, ngazi 256 au zaidi, kutoka kutokuwepo hadi kuziba kabisa. Fomati hiyo ni PNG, na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, liliipitisha tarehe 1 Oktoba 1996.

Jambo hili linanigusa kila nilifikiriapo. Hataza iliyokusudiwa kukusanya ada ndiyo iliyowasukuma watu wasiofahamiana kuileta kazi ya Long Island mpaka kwenye wavuti, bila malipo, katika muda usiofika miaka miwili. Hataza yenyewe ilimalizika Marekani Juni 2003.

Wakati huo huo CSS, lugha ya mitindo ya kurasa za wavuti, ilikuwa inazaliwa. Håkon Wium Lie, raia wa Norwei aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya CERN pamoja na Tim Berners-Lee, mwasisi wa wavuti, alitoa pendekezo lake la kwanza Oktoba 1994. Ndani yake mlikuwa na wazo ambalo halikudumu: kila agizo la mtindo libebe asilimia ya nguvu yake, ili matakwa ya mwandishi wa ukurasa na matakwa ya msomaji yachanganywe kwa uwiano. Ilikuwa kama kanuni ya alfa iliyogeuzwa kuwa kanuni ya mamlaka. Asilimia zile ziliachwa, Lie akaungana na Bert Bos, na toleo la kwanza la CSS likawa kiwango rasmi Desemba 1996.

Toleo hilo lilikuwa na uamuzi mmoja ambao wengi hawautambui kwa sababu unafanya kazi kimya kimya. Kila elementi ya ukurasa, isipoambiwa vingine, mandharinyuma yake ni angavu. Aya, kichwa cha habari, orodha, vyote vinaonyesha kilicho chini yake. Kwa hiyo swali ambalo watu wengi huanza nalo, jinsi ya kuondoa rangi ya nyuma, kwa kawaida lilijibiwa kabla halijaulizwa, isipokuwa pale mtu mwenyewe au kivinjari kilipokwisha kupaka rangi. Kilichokosekana kabisa mwaka 1996 ni cha katikati: rangi iliyopo lakini inayopenyeza. CSS ilijua kuziba na kutoziba, kama GIF.

Hapo ndipo historia inapoingia katika miaka yake migumu, na sehemu kubwa ya ugumu huo ilitoka Redmond, makao makuu ya Microsoft. Mwaka 1997 Internet Explorer 4 ya Microsoft ilileta vichujio vyake, kimoja kikiitwa alpha, ambacho kilififisha elementi kwa kiwango cha 0 hadi 100. Kilikuwa uvumbuzi wa kweli, lakini kilikuwa cha Windows tu na hakikuwa katika kiwango chochote. Internet Explorer 6 ikatoka Agosti 2001, ikashika karibu asilimia 90 ya watumiaji wa wavuti, kisha Microsoft ikatulia. Toleo lililofuata lilitoka Oktoba 2006. Miaka mitano mizima kivinjari kilichotumiwa na karibu kila mtu hakikujua kusoma alfa ya PNG. Palipopaswa kuwa na kivuli laini palitokea kibandiko cha kijivu.

Linalouma zaidi ni kwamba kampuni hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kulitatua. Internet Explorer 5 ya kompyuta za Macintosh, iliyotoka Machi 2000 ikiwa na injini iliyojengwa chini ya uongozi wa Tantek Çelik, iliionyesha alfa ya PNG sawasawa. Uwezo ulikuwepo ndani ya nyumba moja. Haukuvushwa kwenda chumba cha pili.

Basi watengenezaji wa tovuti wakaishi kwa mbinu. Toleo la 5.5 la Windows lilikuwa na kichujio chenye jina refu, AlphaImageLoader, kilichoweza kuipakia PNG na kuheshimu alfa yake. Wajuzi wakaandika hati ndogo za kuipita kila picha na kuibadilisha kwa kichujio hicho. Lakini picha iliyopakiwa hivyo haikukubali kurudiwa-rudiwa kama vigae vya mandharinyuma, na mara nyingi viungo vilivyokaa juu yake vilikataa kubonyezeka. Mtu alijenga paneli nzuri yenye menyu, kisha akagundua kwamba menyu haifungui chochote.

Wengine walirudi kwenye GIF na kuchora ubao wa drafti: pikseli moja nyeusi, moja angavu, moja nyeusi, moja angavu. Kwa mbali jicho liliona nyeusi ya nusu. Ilikuwa mantiki ya Porter na Duff katika umbo lake la kimwili kabisa, isipokuwa nyuzi zilionekana.

Na kulikuwa na njia ya Eric Meyer, ambayo kwangu ndiyo ya kisanii kuliko zote za zama hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alionyesha ukurasa wenye paneli za kioo ambao haukuwa na uangavu wowote ndani yake. Alichukua picha moja kubwa, akatengeneza nakala zake zilizobadilishwa rangi, na akazifunga zote kwenye dirisha la kivinjari kwa sifa ya CSS inayozuia mandharinyuma isisogee. Picha asili ilikaa nyuma ya ukurasa, nakala zikakaa nyuma ya maandishi, na kwa kuwa zote zilianzia kona moja, mistari yake ilikutana bila mshono. Ukisogeza ukurasa, paneli inateleza juu ya picha kama kioo halisi. Internet Explorer ya Windows, bila shaka, haikuweza kuionyesha, kwa sababu ilikubali kuifunga mandharinyuma ya ukurasa mzima tu na si ya elementi ya ndani.

Wakati mbinu hizi zikizunguka, kamati ya W3C ilikuwa ikiandika moduli ya rangi ya CSS ya ngazi ya tatu. Wahariri wake walikuwa Tantek Çelik yule yule, L. David Baron, na Chris Lilley, mtu aliyeshiriki pia kuiandika PNG na kuiongoza SVG, lugha ya michoro ya wavuti iliyopitishwa Septemba 2001. Kutoka SVG wakachukua sifa iitwayo opacity. Mozilla na Safari walianza kuitekeleza kwa majina ya majaribio, na ilipofika 2004 vivinjari vyote viwili vilikuwa vikiielewa kwa jina lake kamili.

Watu waliishangilia opacity, kisha wakagongana nayo. Mbunifu anataka sanduku jeusi lililofifia juu ya picha ya mji, na ndani yake maandishi meupe yaliyokolea. Anaandika opacity: 0.5. Sanduku linafifia kama alivyotaka, na maandishi nayo yanafifia. Anaiambia aya ya ndani iwe na opacity ya 1. Haisaidii chochote. Anauliza kwa wenzake, nao wameuliza swali hilo hilo juzi.

Sababu iko katika namna kivinjari kinavyofanya kazi. Kinakutana na elementi yenye opacity, kinaichora pamoja na kila kilichomo ndani yake kwenye turubai ya pembeni, kana kwamba ni picha moja. Kikishamaliza, kinaichukua picha ile nzima na kuichanganya na ukurasa kwa alfa uliyoitaja. Maandishi yenye 1 ndani ya sanduku la 0.5 yanazidishwa: 1 mara 0.5, ni 0.5. Mtoto hawezi kuwa mzito kuliko mzazi. Na hilo si kasoro. Ukitaka kufifisha kadi nzima, pamoja na picha na kitufe chake, ili kuonyesha kwamba haipatikani kwa sasa, hivyo ndivyo unavyotaka iwe. Kama kila kipande kingefifishwa peke yake, ungeiona rangi ya kadi kupitia kitufe, na kingo zingepishana. Opacity iliiweka namba ya nne kwenye elementi nzima. Kwa kazi ya mandharinyuma peke yake hapakuwa mahali pake.

Waliokuwa na haraka walitenganisha kitu kimoja kuwa viwili: elementi tupu iliyofifishwa, imewekwa kwa vipimo kamili chini, na maandishi juu yake kama ndugu badala ya mtoto. Ilifanya kazi mpaka maandishi yaliporefuka na sanduku lisijue. Wengine, baada ya Internet Explorer 7 kuikubali alfa ya PNG mwaka 2006, walitengeneza picha ya pikseli moja yenye nyeusi ya nusu na kuirudia mpaka ijaze sanduku. Kila rangi na kila kiwango kilihitaji faili yake.

Jibu lilikuwa ndani ya ile ile moduli ya rangi, limesubiri vivinjari: rgba. Alfa haikai tena kwenye jedwali, wala kwenye pikseli ya picha, wala kwenye elementi. Inakaa ndani ya rangi. Ukiandika background-color: rgba(0, 0, 0, 0.5), umesema nyeusi inayoziba nusu, na agizo hilo linahusu mandharinyuma peke yake. Maandishi yana rangi yake, mpaka una rangi yake, kivuli kina rangi yake, na kila moja inaweza kuwa na alfa yake bila kumgusa mwenziwe. Safari ilikuwa nayo, Firefox 3 ikaileta Juni 2008, Opera 10 ikafuata 2009, na Internet Explorer 9 ikaikubali hatimaye Machi 2011. Juni mwaka huo moduli ikawa kiwango rasmi.

Katika kipindi cha mpito, busara ya waasisi wa CSS ilileta matunda. Tangu toleo la kwanza lugha ile iliagiza kwamba kivinjari kikikutana na thamani kisichoielewa, kiiruke na kuendelea. Kwa hiyo mtengenezaji aliandika mistari miwili: wa kwanza rangi nzito ya kawaida, wa pili rgba. Kivinjari kipya kilitumia wa pili, cha zamani kilibaki na wa kwanza, na ukurasa ukasomeka kwa wote. Waliosisitiza uangavu hata kwa Internet Explorer ya zamani walitumia kichujio cha mpito wa rangi chenye rangi moja pande zote mbili, ambacho alfa yake iliandikwa mbele ya nyekundu badala ya nyuma ya bluu. Wengi walipoteza jioni nzima kabla ya kuugundua mpangilio huo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuukumbuka mwaka 2009. Kebo ya SEACOM ilianza kazi Julai ya mwaka huo, ikigusa Mombasa na Dar es Salaam, na kabla yake sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipitia setilaiti, polepole na kwa bei ya juu. Kwa msomaji wa namna hiyo, tofauti kati ya kundi la picha za PNG za kuigiza kioo na herufi chache za rgba ilikuwa fedha na dakika. Hata leo, kwa anayenunua bando la siku, ukurasa unaochora vivuli vyake kwa CSS badala ya kuvipakua ni ukurasa unaomjali.

Sasa ule ushauri wa Porter na Duff. CSS ilipopata mipito ya rangi, watu walipenda kuifanya nyeupe ipotee taratibu mpaka kwenye transparent, neno ambalo CSS inalisoma kama nyeusi yenye alfa 0. Kwa miaka mingi Safari ilihesabu rangi ghafi, bila kuzizidisha kwanza kwa alfa. Nyeupe ikielekea nyeusi isiyoonekana ilipita njiani kwenye kijivu kinachoonekana, na kila kivuli kikawa na doa. Ukizizidisha kwanza, ile nyeusi ya alfa 0 inakuwa haina mchango wowote, na nyeupe inabaki nyeupe mpaka inapotoweka. Kiwango cha W3C kiliagiza hivyo. Makala ya 1984 ilikuwa imesema hivyo.

Mahali pa mwisho pa kuhamia hapakuwa rangi bali kile kilicho nyuma yake. Apple ilionyesha mwonekano wa Aqua Januari 2000, Microsoft ikafuata na vioo vya Windows Vista, na mwaka 2013 iOS 7 ikaleta paneli za ukungu, ambazo nyuma yake unatambua rangi lakini husomi kitu. Rgba haiwezi kufanya hivyo. Inachanganya tu. Haiwezi kutia ukungu kilicho chini. Safari 9 ya mwaka 2015 ikaleta backdrop-filter, Chrome ikaifuata Julai 2019, Firefox Julai 2022. Kivinjari kinakusanya pikseli zote zilizokwisha kuchorwa nyuma ya elementi, kinazitia ukungu, kisha kinapaka rangi yako juu. Ni kazi nzito, kwa sababu ukurasa ukisogezwa kidogo tu ukungu unahesabiwa upya, na simu za bei nafuu huionyesha gharama hiyo kwa kukwamakwama.

Apple ilipotangaza mwonekano wa Liquid Glass Juni 2025, malalamiko ya usomekaji yalikuja mapema, na baadaye ikaongeza chaguo la kuvifanya vioo hivyo viwe vizito zaidi. Mtu ambaye macho yake yanasumbuliwa na matabaka hayo anaweza kuzima uangavu kwenye mipangilio ya kifaa chake, na CSS ina swali la kuulizia matakwa hayo, ambalo Chrome ililianza 2023. Tovuti nyingi haziliulizi. Nadhani zinapaswa.

Hata bila ukungu, hesabu ya Long Island inatosha kumwonyesha mbunifu anakokosea. Mwongozo wa W3C wa ufikikaji wa 2008 unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Chukua maandishi meupe ya nauli ya boti juu ya paneli ya rgba(0, 0, 0, 0.5), na chini yake picha ya ufukwe ambayo mahali fulani ina mchanga uliowaka mpaka ukawa mweupe. Nusu ya nyeusi na nusu ya nyeupe inatoa kijivu cha 128, na nyeupe juu ya kijivu hicho inapata uwiano wa karibu 3.95. Haifiki. Ongeza alfa iwe 0.6. Kijivu kinashuka mpaka 102, uwiano unapanda mpaka 5.74, picha ya ufukwe bado inaonekana, na bibi mwenye miwani anaisoma nauli ya boti bila kuisogeza simu karibu na uso.